Begi moja linatosha jamani!

Nimekuwa kimya kama wiki tatu hivi, mitihani ilinibana, leo nimepata upenyo kidogo na nimeamua kuutumia kugombana. Aliyekuja kutafuta picha za theluji na stori za kantini apitie wiki ijayo, leo hakuna.

Ugomvi wenyewe ni wa mabegi. Mabegi ya mgongoni ya kuendea kwenye theluji. Najua washikaji wangu wa Mlimani na wale wa Morogoro wameshaanza kuguna, eti huyu ughaibuni kumemharibu, watu wanalia bumu halijatoka yeye anatuletea begi la kuskii. Vumilieni. Hii ni habari ya pesa ya mwanafunzi na uhai wa mtu, na hivyo viwili hata Morogoro vipo.

Kila Oktoba hapa Innsbruck wanashuka wanafunzi wapya, na siku hizi kati yao hawakosekani wawili watatu wanaoongea Kiswahili. Ikifika Desemba wenzao wa bwenini wameshawashawishi, wameingia kozi ya ofisi ya michezo ya chuo, wamejifunza kuteleza bila kuvunja mguu, wamenogewa. Januari wanaingia dukani kutafuta begi, na hapo ndipo wanapopigwa. Kuna duka moja hapa mjini, silitaji, muuzaji alimsimamisha dada mmoja wa Mwanza karibu saa nzima akimweleza kwamba mtu makini anahitaji mabegi mawili: dogo la lita 12 kwa siku za lifti, na kubwa la lita 35 kwa siku za kupanda mlima kwa miguu. Halafu, kama anayapenda maisha yake, aongeze la tatu lenye puto ndani. Dada akatoka na lile dogo, kwa sababu ndilo hela yake ilitosha. Rangi nzuri sana, zambarau. Ndani haliingii hata chepe.

Msimamo wangu nautoa mapema ili wa kununa aanze kununa. Mwanafunzi anahitaji begi moja tu, lita 28 hadi 32, lenye mfuko wake wa peke yake kwa vifaa vya uokoaji. Basi. Anayekwambia ununue mawili anataka hela yako. Na anayetoka nje ya njia zilizosawazishwa akiwa na kibegi cha lita 12 kisicho na chepe, huyo hajabeba begi, kabeba mkoba wa harusini.

Kwa wale walio nyumbani, niwaeleze kidogo. Kuskii kwa kawaida ni hivi: unapanda lifti, unateleza kushuka kwenye njia ambayo mashine imeisawazisha usiku, unapanda tena, unashuka tena, mpaka miguu ikatae. Njia ina alama, ina walinzi, na poromoko la theluji likitishia wanaifunga, au wanailipua theluji mapema wakati hakuna mtu chini. Kwa mchezo huo hata begi huhitaji, weka andazi mfukoni nenda zako. Mchezo wa pili ni wa kupanda mwenyewe. Unabandika chini ya skii ngozi maalum zenye manyoya yaliyolalia upande mmoja, kwa hiyo skii inateleza kwenda mbele lakini hairudi nyuma. Unapanda hivyo saa tatu, saa nne, unafika juu unahema kama mvuta mkokoteni wa Kariakoo, unabandua ngozi, halafu unashuka kwenye theluji ambayo hakuna aliyeigusa. Utamu wake siwezi kuwaelezea. Ila huko hakuna alama, hakuna mlinzi, wala hakuna wa kukufungia njia.

(Na kabla hamjaniuliza lile swali lenu, Mswahili na skii wapi na wapi: mwaka 1998 Mkenya Philip Boit alishindana kwenye Olimpiki ya Nagano, mbio za kilomita 10. Alikuwa wa mwisho, na bingwa mwenyewe, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamsubiri kwenye mstari amkumbatie. Mwaka 2018 Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia hapahapa Austria, aliteleza kwa bendera ya Kenya kule PyeongChang. Kwa hiyo tafadhali.)

Sasa muuzaji anasema siku ya lifti na siku ya mlima ni siku mbili tofauti, kila moja na begi lake. Labda kwingine. Hapa unapanda treni ndogo katikati ya mji, unabadilisha magari ya waya, na baada ya muda mfupi uko Hafelekar, juu ya Nordkette, mji mzima uko chini ya viatu vyako. Kinachokushusha kutoka pale ni mteremko mkali ambao mashine haiusawazishi. Yaani umelipa tiketi ya lifti, hujatoa jasho hata tone, na tayari uko mahali pa chepe! Na hata kwenye vituo vya skii vya kawaida, ukivuka kamba hatua ishirini kufuata theluji laini, umeshahama mchezo. Theluji haikuulizi ulipandaje. Mteremko unaozidi nyuzi 30 unaweza kuporomoka, na mara nyingi anayeuporomosha ni huyohuyo anayeufuata, au mwenzake aliye juu yake.

Ndiyo maana nasema begi la "siku ya lifti" ni hadithi ya dukani. Kuna siku ya njia iliyosawazishwa, ambayo haihitaji begi, na kuna siku nyingine zote.

Begi la siku hizo nyingine kazi yake ya kwanza ni nini? Uliza watu kumi hapa kantini, tisa watakwambia maji, chakula, koti la akiba. Hapana. Vifaa vya poromoko ni vitatu. Cha kwanza ni kidude cha mawimbi, kinachorusha mlio kwenye kilohezi 457, masafa yaleyale dunia nzima, ili ukifukiwa wenzako wabadilishe vyao kutoka kurusha kwenda kupokea, wafuate mlio mpaka ulipo. Hiki hakikai kwenye begi, jamani, hakikai! Kinafungwa mwilini, chini ya koti, kwa sababu poromoko linaweza kukuvua begi kama mwizi wa Posta, na wenzako wakaja kufukua begi. Cha pili ni ufito wa kukunja, kama zile fito za hema, ukiurusha unajiunga wenyewe unakuwa mita 2 na nusu hivi, unachomea theluji kutafuta mtu yuko kina gani. Cha tatu ni chepe, la alumini, si la plastiki. Hivi viwili ndivyo vinavyokaa kwenye begi.

Na hapa naomba msome polepole. Chepe ulilobeba halikusaidii wewe hata siku moja. Ukifukiwa wewe, chepe lako limefukiwa na wewe. Uliyembebea ni mwenzako, na la kwako wewe analo yeye mgongoni. Kwa hiyo unapochagua kibegi kidogo cha zambarau kisichoingia chepe, hujachagua kuhatarisha maisha yako, ungekuwa huru kufanya hivyo, mtu mzima wewe. Umechagua kuhatarisha ya yule unayetembea naye, tena bila kumwambia.

Muda nao haucheki na mtu. Utafiti wa Uswisi uliotoka mwaka 2024, uliochambua ajali za kuanzia 1981 mpaka 2020, ulionyesha kwamba waliofukuliwa ndani ya dakika 10 za mwanzo, karibu 9 kati ya 10 walikuwa hai. Kufikia dakika ya 30 wamebaki kama 3 kati ya 10. Zamani tulikuwa tunaambiwa dakika 15 na zaidi, sasa wamezishusha. Sasa piga hesabu ya helikopta. Simu ishike mtandao, upige 140, waruke, watafute pa kushukia. Wale jamaa wa uokoaji wa hapa Tirol ni hodari na nawavulia kofia, lakini dakika 10 ni za walioko palepale. Na theluji ya poromoko ikishasimama si ile pamba mnayoiona kwenye picha za Krismasi. Inashikana kama saruji. Mita moja ya ujazo inaweza kufika kilo 400 na ushee. Kufukua mtu aliye kina cha mita moja inabidi uhamishe zaidi ya hiyo, maana hufukui shimo la kisima, unafukua mtaro kutoka upande wa chini wa mteremko. Kwa mikono? Kwa skii? Jaribuni kwenye kiwanja cha bweni, lile rundo linaloachwa na gari la kusukuma theluji, mje mniambie.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike leo. Jumamosi iliyopita kulikuwa na safari ya watu wanne. Mimi, washikaji wawili wa idara yetu, na kaka mmoja aliyekuja kututembelea kutoka Munich. Ijumaa usiku tunapanga mabegi, nikaambiwa mpango ni "kugawana": mmoja abebe chepe, mwingine ufito, mwingine chai na vitafunwa, ili mabegi yawe mepesi na wengine wabaki na vibegi vyao vidogo. Eti si lazima wote mbebe kitu kilekile, tuko pamoja.

Nilikataa. Nikasema nendeni, mimi siendi. Nikaambiwa naringa, nikaambiwa nimekuwa Mzungu, mara mimi mwoga. Mwoga ndiyo, sikatai. Lakini tupige hesabu pamoja. Watu wanne, chepe moja. Poromoko likimchukua mwenye chepe, waliobaki watatu wanamfukua na nini, vikombe vya chai? Likimchukua mwenye ufito, nani atajua yuko kina gani? Likichukua wawili, ambayo hutokea pale watu wanapofuatana kama kumbikumbi, ndio kabisa. Kugawana kunafaa kwa sufuria, kwa nauli ya teksi, kwa notisi za mhadhiri asiyeeleweka. Kwenye vifaa hivi vitatu, kila mtu na vyake, na kila mtu awe na begi linalovibeba. Hii si akili yangu, kozi yoyote ya poromoko itakwambia hivyo siku ya kwanza kabla hujavua koti. Walikwenda watatu, wakarudi salama, wakanitumia picha za kunitania. Nimefurahi wamerudi salama. Hoja yangu iko palepale, maana dereva anayeovateki kwenye kona naye mara nyingi anafika.

Haya, turudi kwenye lita. Wapenzi wa vibegi wana jibu lao: chepe nalifunga nje, kwenye kamba. Nimeyaona hayo. Bapa la chepe linaning'inia nje kama sufuria ya mhamaji, mpini umechomekwa kwingine, ufito umefungwa ubavuni. Kwanza linanasa matawi ukipita msituni. Pili, ukianguka kuna bapa la chuma karibu na shingo yako. Tatu, na ndilo kubwa, poromoko likikukokota hata mita 30 ukasalimika, angalia kama hilo chepe bado lipo. Vifaa vya uokoaji vinakaa ndani, kwenye mfuko wake, wenye zipu yake, ambao unaufungua kwa glavu bila kuhangaika, na ndani yake hakukai kitu kingine, hata chokoleti. Mfuko huo ndio unaokufanya ununue begi moja na kuliacha jingine. Rangi, jina la kampuni, kamba za mapambo, hayo yote ni baadaye.

Na kwa nini lita 30 na si 20? Kwa sababu nimepanga. Chepe na ufito. Ngozi za kupandia, zikishabanduliwa. Koti nene la manyoya ya bata. Glavu za akiba, maana glavu moja ikipeperushwa na upepo juu kule, vidole vyako havitangoja ushuke. Miwani ya theluji. Chupa ya chai, na nasema chupa ya chai, si ule mfuko wa maji wenye mrija ambao wauzaji wanausifia. Mrija unaganda! Nyuzi kumi chini ya sifuri unavuta barafu. Kisha chakula, huduma ya kwanza, taa ya kichwani, mfuko wa dharura wa kujifunika na majeruhi, waya na utepe wa kufungia kiatu au skii ikivunjika. Hapo lita 20 zimejaa zimefurika. Lita 30 zinapumua, na siku ambayo vitu ni vichache unakaza kamba za pembeni, linakuwa jembamba kama la lita 18 na unapanda nalo lifti bila tabu. Begi kubwa hupunguzika. Hilo dogo utalivuta mpaka wapi?

Lita 40 nazo sizitaki. Hizo ni za watu wanaolala kwenye vibanda vya mlimani siku nne tano. Ukimpa mwanafunzi nafasi ataijaza, mimi nawajua, kuna jamaa alibeba kitabu cha takwimu mpaka kileleni eti atasoma juu.

Nalijua swali linalokuja: na lile la puto? Hapa nataka niwe mkweli, sitaki kusema ni uongo kwa sababu si uongo. Begi la puto lina mpini begani, ukinaswa unauvuta, puto la kama lita 150 linajaa upepo nyuma yako. Kazi yake si kuelea kama boya. Mmewahi kutikisa karanga zilizokaangwa kwenye mchanga? Mchanga unashuka, karanga zinakuja juu. Poromoko ni mchanga, wewe na puto lako mnakuwa karanga kubwa. Utafiti uliotoka mwaka 2014, uliokusanya ajali za nchi kadhaa, ulikuta kwamba kwa walionaswa vibaya, vifo vilikuwa asilimia 22 kwa wasio na puto lililojaa, na asilimia 11 kwa wale ambao puto lilijaa. Nusu. Hiyo si ndogo.

Lakini someni na mstari wa chini. Puto halikujaa kwa mtu mmoja kati ya kila watano waliokuwa nalo, na katika hao, zaidi ya nusu sababu ni kwamba mwenyewe hakuvuta mpini. Umegharamia, umelibeba, na ile sekunde moja mkono haukwenda. Tena puto halikulindi na mti, halikulindi na jabali, na ukisukumwa kwenye korongo theluji inakujazia juu yake. Halafu uzito, kilo 2 mpaka 3 likiwa tupu, wakati begi la kawaida ni kama kilo moja, na mtambo wenyewe unakula nafasi ndani. Halafu bei. Kuanzia kama yuro 600, na mengi yanavuka 1,000. Kwa mwanafunzi anayeishi kwa kufua vyombo mgahawani wikiendi!

Sipingi puto. Napinga mpangilio. Nimemwona kijana hapa chuoni ana begi la puto la kung'aa, kidude cha mawimbi hana, eti atanunua mwakani, hela imeisha. Ndugu yangu, puto likikuacha chini hakuna wa kukusikia, na akifukiwa mwenzako huna hata cha kumtafutia. Kwanza vitatu, kisha kozi ya kuvitumia, kisha kusoma taarifa ya poromoko inayotolewa kila jioni, daraja 1 mpaka 5, na kuielewa siyo kuangalia rangi tu. Baada ya hapo, ukipata kazi nzuri, nunua puto, tena nitakuja nikupongeze. Muuzaji anayeanza na puto ameanza mwishoni, kwa sababu mwishoni ndiko kuna kamisheni.

Dukani fanyeni hivi, na msione aibu, muuzaji anune tu. Nendeni na mizigo yenu. Chepe, ufito, chupa iliyojaa, koti, vyote, mvipakie mle dukani. Vaeni glavu mfungue mfuko wa vifaa, mhesabu mpaka chepe limeunganishwa mkononi. Likizidi nusu dakika rudisheni rafuni. Begi likae kiunoni, mkanda wa kiuno ndio ubebe uzito, si mabega. Urefu wa mgongo ni muhimu kuliko lita, dada zetu wafupi wanauziwa mabegi marefu ambayo ukikaa kwenye lifti yanakusukuma kisogo. Angalia kama skii zinafungika kwa mshazari mgongoni, kwa sababu kuna sehemu utavua skii utembee kwa viatu, na ujaribu kufunga hizo skii kweli, wengine kamba zao ni za maonyesho. Zipu ya mgongoni ni raha sana, unalaza begi kwenye theluji upande wa nje na mgongo wako unabaki mkavu. Ndani ya kifuniko cha mabegi mengi kuna kikaratasi cha ishara za dharura, andika 140 hapo kwa kalamu nene, maana kwenye kiwewe mtu anasahau hata jina lake. Rangi, chagua inayopiga kelele. Begi jeusi mnajivunia nini?

Na kamba! Kila kamba inayoning'inia ifungwe au ikatwe. Kwenye lifti ya viti, begi linavuliwa linapakatwa kama mtoto, halibaki mgongoni. Januari 2017 kule Colorado, kituo cha Arapahoe Basin, mwanamume mmoja alinaswa na begi lake kwenye kiti wakati wa kushuka, kamba ikamzunguka shingoni akaning'inia hewani amezimia. Aliyemwokoa ni Mickey Wilson, jamaa ambaye mchezo wake ni kutembea juu ya kamba. Alipanda mnara, akateleza kwenye waya wa lifti mpaka kwenye kiti, akarushiwa kisu, akakata. Alipona. Lakini sisi hapa nani anajua kutembea juu ya waya?

Kuna watakaosema, wewe unatuambia tusitumie hela halafu unatutajia vifaa vya mamia ya yuro. Sawa, tuhesabu. Begi zuri la lita 30 jipya ni kama yuro 100 mpaka 180. Vile vitatu, seti mpya ni kama 300 na kitu, au 400. Mabegi mawili ya muuzaji yule pamoja yanakaribia hapo, na ndani bado ni matupu. Tena begi si lazima liwe jipya. Sisi ni watoto wa mitumba bwana, nani kati yetu hajavaa suruali ya Karume akaingia nayo kwenye usaili? Hapa kila machipuko watu wanamaliza masomo wanauza vitu, mbao za matangazo za chuo zimejaa. Begi la mtumba zuri tu, kagua zipu na mishono ya mabega. Chepe la mtumba sawa, kama halijapinda. Kidude cha mawimbi cha mtumba hapo ndipo nasema ngoja. Vile vya zamani vyenye antena moja havifai tena, unataka cha antena tatu, na unataka kujua kama kampuni iliwahi kukiita kirudi kiwandani. Kama hela haipo, kodi. Maduka mengi hapa yanakodisha seti nzima kwa siku, na kwa mtu anayekwenda mara nne kwa msimu hiyo ndiyo hesabu nzuri kuliko zote. Uanachama wa chama cha wapanda milima cha Austria nao una bima ya uokoaji ndani yake, na vijana wana bei yao. Helikopta si ya bure, mjue.

Na lile begi la lita 30 ndilo ninalokwenda nalo darasani. Kompyuta inaingia, vitabu vinaingia, na kwenye ule mfuko wa vifaa unakaa mwavuli. Jana limebeba kilo tano za unga wa ugali kutoka duka la Waafrika, halikulalamika. Jaribuni hilo na zambarau ya lita 12.

Dada wa Mwanza, najua unasoma. Risiti unayo na wiki mbili hazijaisha, kalirudishe Jumatatu, nitakusindikiza, maneno mimi ninayo. Na kaka wa Munich, picha zako nimeziona, umependeza, mwezi ujao ukija nimekuazimia chepe kwa jirani.

Jumapili ijayo natoka tena, tukiona taarifa ya Jumamosi jioni inaruhusu. Mteremko wa kawaida tu, wa wanaoanza, kuondoka saa moja asubuhi mbele ya bweni. Nafasi ziko mbili. Nitakagua mabegi kabla ya basi, kila mtu na vyake vitatu, asiye navyo nitamwacha kituoni na chai nitamwachia. Maoni na matusi yote yaje hapo chini, nitajibu Ijumaa usiku nikishatoka kwenye mtihani wa takwimu, nikiwa hai.